Nina miaka 49, tendo linaniuma na hamu imekata. Ndo uzee?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 49, watoto wanne, nauza vitenge Kariakoo, kwenye ndoa huu mwaka wa 25. Siku zangu zinaruka, mara miezi mitatu kimya, mara zije mara mbili kwa mwezi. Shida yangu ni tendo la ndoa. Kama mwaka hivi nimekuwa mkavu, linaniuma kama nimepakwa pilipili, na hamu imekata kabisa, nikisikia geti usiku najifanya nimelala. Shoga yangu alinipeleka kununua shabu na vidonge vya kubana, hali ikazidi kuwa mbaya. Mume wangu ana miaka 57, ana sukari, naye siku hizi anahangaika, anakunywa mkongo, ile dawa ya mitishamba ya nguvu za kiume. Anasema labda nina mtu sokoni, na kama nimechoka atatafuta mwingine. Na ukweli nikwambie, miaka yote hii sijui kama nimewahi kufika kileleni. Je ndo uzee nikubali tu, au kuna dawa?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana. Nakujibu kwa urefu mana umeuliza maswali kama manne ndani ya moja, na kila moja lina jibu lake. Watu wengi wakifika hapo ulipo wanayafunga yote kwenye furushi moja wanaliita "kukosa hamu", halafu wanaanza kuzunguka mjini kutafuta dawa ya hamu. We hujaanza kwa kukosa hamu, umeanza kwa kuumia. Mtu ambaye tendo limemchoma mwaka mzima halafu bado analitamani, huyo ndo ningemshangaa. Mwili unakumbuka, ukishazoea kwamba mlango wa chumba ukifungwa kinachofuata ni maumivu, unaanza kukataa mapema hata kabla hujaguswa, ndo hiyo ya geti kulia na we kuvuta shuka. Kwa hiyo tutaanza na maumivu, hamu tutaikuta mbele ya safari.

Kinachoendelea mwilini ni hivi. Hedhi inahesabiwa kuwa imekoma pale unapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wanawake wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. We bado hujafika, uko kwenye kipindi cha kuelekea huko, ambacho kinaweza kuchukua miaka kadhaa, na kwa wengi hicho ndo kigumu kuliko hata kukoma kwenyewe kwa sababu homoni hazishuki taratibu, zinayumba. Mwezi huu estrojeni, ile homoni kuu ya kike, iko juu, mwezi ujao iko chini kabisa. Ndo mana siku zinaruka, ndo mana usiku unaamka umelowa jasho kifua kizima na feni iko namba tano, ndo mana unamfokea mtoto kisa kijiko halafu unajiuliza umekuwaje.

Sasa hiyo estrojeni kazi yake sio hedhi tu. Ndo inayofanya ngozi ya ndani ya uke iwe nene, ivutike, ipate damu ya kutosha na itoe ute ukisisimka. Pia inawalisha bakteria wazuri wanaoishi humo, ambao wanatengeneza asidi ya kuzuia vijidudu vibaya. Ikipungua ngozi inakuwa nyembamba, ute unachelewa au hauji, ile asidi inapungua, na hapo unaanza kuona mambo ambayo hukujua yanahusiana: kuchomeka wakati wa tendo, muwasho, michaniko midogo pale mlangoni, UTI zinazorudi kila baada ya muda, kwenda haja ndogo kila saa. Yote hayo mzizi wake unaweza kuwa mmoja, na tangu mwaka 2014 madaktari wameyapa jina moja linalojumuisha uke na njia ya mkojo, ili mtu asitibiwe vipande vipande.

Na hapa ndo kuna kitu nataka ukishike vizuri. Joto la ghafla na jasho la usiku kwa wengi hupungua lenyewe miaka ikienda. Ukavu wa uke haupungui wenyewe, usipotibiwa mara nyingi unaendelea na kuongezeka. Kwa hiyo yule atakayekwambia "vumilia shosti, itapita" anakupoteza.

Tuje kwenye shabu, hapa nitakaa kidogo mana naona hili linafanya watu waumie sana mjini hapa. Shabu ni ile chumvi ya mawe inayokaza ngozi na kukausha majimaji, kazi yake ni hiyo hiyo tu. Vidonge vya kubana vingi vinafanya kazi ya namna hiyo, vinaunguza au vinakausha, halafu ngozi ikivimba mtu anahisi "nimebana". Hujabana dada, umevimba. Sasa fikiria, mwili wako tatizo lake ni kwamba ute umepungua na ngozi imekuwa nyembamba, halafu we unaenda kununua kitu cha kumaliza hata ule ute kidogo uliobaki! Lakini nakuelewa, mana mji mzima umefundishwa kwamba mwanamke mwenye majimaji ni "bwawa", basi mwanamke anaingia kwenye miaka ya 40 na woga huo kichwani, mume akipunguza kidogo tu anajua ni kwa sababu amelegea, anakimbilia kujikausha. Uke haulegei kwa kutumika, na ute ndo kinga yako.

Na sio suala la maumivu tu. Ngozi iliyochanika ni mlango wa maambukizi, ikiwemo virusi vya UKIMWI. Kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2011 uliounganisha tafiti 13 zilizofanyika Afrika kusini mwa Sahara, ukaonyesha kwamba wanawake wanaojiosha ndani kwa sabuni, au wanaojiingizia vitambaa na karatasi kujikausha, walikuwa na hatari zaidi ya kupata maambukizi hayo. Kwa hiyo hatua ya kwanza, kuanzia leo shabu basi, vidonge vya kubana basi, kujifukiza huko chini basi, sabuni na dettol ndani basi. Nje osha kwa maji, kama lazima sabuni basi ile isiyo na harufu na iishie nje. Udi fukiza chumba na nguo, inatosha, tena inapendeza.

Hatua ya pili ni kwenda kupimwa, na usinunue kitu chochote kabla. Najua uvivu wa foleni, na aibu ya kupanda kile kitanda cha miguu juu, lakini maumivu yana sababu nyingi na zinafanana ukizisikia kwa mdomo. Inaweza kuwa fangasi, hasa kama sukari yako na wewe iko juu bila kujua, kwa hiyo pima sukari. Inaweza kuwa ugonjwa wa zinaa. Inaweza kuwa ugonjwa wa ngozi ya nje unaoleta mabaka meupe na muwasho mkali. Inaweza kuwa uvimbe kwenye kizazi kama maumivu yako ni ya ndani kabisa na sio pale mlangoni, kwa hiyo mwambie daktari panauma wapi hasa. Na ukiwa hapo hapo omba uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ile ya kupakwa siki, vituo vingi vya serikali vinafanya na hapa kwetu unawalenga wanawake wa miaka 30 mpaka 50, kwa hiyo we uko ndani ya mstari. Hiyo ndo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania na dalili yake mojawapo ni damu baada ya tendo, sitaki mtu aniambie nilijua ni ukavu tu.

Beba na dawa zako zote unazokunywa, hata za mitishamba. Baadhi ya dawa za presha, dawa za msongo na huzuni, na zile za mafua na mzio zinazokausha pua, hizo nyingine zinakausha na huko chini au zinapunguza hisia. Usiziache kienyeji, hasa za presha, mwambie daktari aone kama zinabadilishika.

Ukishaambiwa hakuna ugonjwa mwingine ni ukavu wa homoni, hapo dawa zipo za ngazi tofauti. Ya kwanza ni kilainishi, jeli ya kupaka wakati wa tendo, ulizia famasia kubwa ile ya maji au ya silikoni. Ya maji inasafishika kirahisi ila inakauka haraka, unaongeza, ya silikoni inadumu zaidi. Usichukue yenye harufu ya stroberi sijui yenye kuleta joto, hizo zinachoma ngozi iliyo nyembamba. Mnapaka wote wawili, na mnapaka ya kutosha, sio tone. Wengi wananiambia "nilitumia haikusaidia" ukiwauliza walipaka kiasi gani, kumbe ni kama mtu anayeogopa bei.

Mafuta ya nazi safi, yasiyo na manukato, wapo wanaoyatumia na yanawasaidia, lakini mafuta ya aina yoyote yanaharibu kondomu za kawaida za mpira, zinapasuka. Mafuta ya mgando usiweke ndani, yamehusishwa na kuharibu ule uwiano wa bakteria. Na mate yanakauka dakika hiyo hiyo, tuyaache kwenye sinema.

Ngazi ya pili ni kiongeza unyevu cha uke, hiki sio cha wakati wa tendo, unatumia mara mbili au tatu kwa wiki uwe na mume usiwe naye, kama unavyopaka losheni usoni.

Ngazi ya tatu, ambayo naona wanawake wetu wengi hawajawahi hata kuisikia, ni estrojeni ya kuweka ukeni. Inakuja kama krimu au kidonge kidogo cha kuingiza, dozi yake ni ndogo sana, kuna vidonge vya mikrogramu 10 tu. Kwa kawaida mtu anaweka kila siku kwa wiki mbili za mwanzo halafu anashuka mara mbili kwa wiki, na anaendelea muda mrefu kwa sababu ukiacha ukavu unarudi. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, inafanya kazi pale pale ilipowekwa, ngozi inarudi kuwa nene, ute unarudi, na hata zile UTI za kujirudia zinapungua. Haifanyi kazi leo kesho, jipe wiki kadhaa, faida kamili inaweza kuchukua mpaka miezi mitatu. Hii ni ya kuandikiwa na daktari, sio ya kuletewa na mtu anayeuza kwenye status ya wasapu, na kama umewahi kuugua saratani ya matiti lazima aliyekutibu ahusishwe kwanza.

Kuna tiba ya homoni ya mwili mzima pia, ya vidonge au ya kubandika kwenye ngozi, hiyo ni kwa yule ambaye joto na jasho la usiku vinamtesa hasa. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya utafiti mkubwa wa Marekani uliotoka mwaka 2002, ambao ulitangazwa kwa kishindo kwamba inaleta saratani ya matiti na magonjwa ya moyo. Baadaye walipochambua kwa umri wakaona wengi kwenye ule utafiti walikuwa ni akina mama wa zaidi ya miaka 60. Leo msimamo wa wataalamu ni kwamba mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajafikisha miaka 10 tangu hedhi ikome, na dalili zinamsumbua, kwa kawaida faida inazidi hatari. Ila ni ya kukaa na daktari mkapiga hesabu ya presha yako, damu kuganda, historia ya familia. Sio ya kuambiana saluni.

Nikumbushe na misuli, mana hii inasahaulika. Ukiumia muda mrefu misuli inayozunguka uke inajikaza yenyewe kabla hata hujaguswa, na hata ukavu ukiisha bado utaumia kwa sababu umejibana. Hapo usianze yale mazoezi ya kukaza na kuachia unayoyaona mtandaoni, kwako yatazidisha. We unahitaji kinyume chake, kujifunza kulegeza: lala chali, magoti juu, vuta pumzi mpaka tumboni, achia huko chini kama unaruhusu haja ndogo itoke. Wapo wataalamu wa fiziotherapia wanaosaidia hili, uliza hospitali kubwa.

Haya, sasa hamu. Tumelelewa tukiamini hamu ni kitu kinachokuja chenyewe, kinakushika uko sokoni unapima kitenge unatamani kurudi nyumbani. Kwa vijana na kwa wapenzi wapya ni kweli. Lakini mwaka 2000 daktari mmoja wa Canada, Rosemary Basson, aliandika kitu ambacho kwa maoni yangu kila kungwi angepaswa kukisoma. Alisema kwa wanawake wengi, hasa walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu haitangulii, inafuata. Mwanamke anaanza akiwa hana joto wala baridi, anakubali ukaribu kwa sababu anamtaka mwenzie, anashikwa vizuri, mwili unaamka, na hapo hamu ndo inakuja kukaa. Kama anayoyapata yanampendeza, kesho anakuwa mwepesi kukubali tena. Kama anayoyapata ni maumivu, au ni dakika nne za kumalizia mwingine, kesho anasinzia geti likilia. Kwa hiyo kabla hujajiuliza "hamu yangu imeenda wapi", jiulize hamu ya kitu gani? Hicho kilichokuwa kinatokea pale kitandani kilikuwa cha kutamaniwa?

Na sio kila kitu ni homoni wala mume. We unaamka saa kumi na moja, unapanda mwendokasi umesimama, unashinda juani mpaka jioni, unarudi unapika, una marejesho ya kikoba Jumamosi, usiku jasho linakuamsha mara tatu. Usingizi peke yake ukirudi kuna wanawake hamu inarudi bila dawa nyingine. Na pia nisikudanganye, wengine kwa umri huu hamu inapungua na hawaumwi wala hawasikitiki. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata wanawake maelfu miaka mingi kupitia kipindi hiki, ukakuta karibu nusu waliona tendo linapungua umuhimu kadri miaka inavyokwenda, lakini zaidi ya robo liliendelea kuwa muhimu sana kwao muda wote. Kwa hiyo hakuna umri wa kustaafu uliowekwa. Kama kitu kimepungua na we hakikusumbui, hauna ugonjwa. We kinakusumbua, ndo mana tunaongea.

Sasa lile uliloliandika mwishoni kabisa, kwamba hujui kama umewahi kufika kileleni. Umeliandika kama la kuongezea lakini mimi nimeona ndo lenyewe. Dada yangu, ulichezwa, ulifundishwa kunyonga kiuno, kuvaa shanga, kumkanda mume, kumwogesha, kumfuta, kumpokea. Kicheni pati nazo vivyo hivyo, masaa manne ya mafundisho yote yanamhusu yeye. Aliyekwambia raha yako iko wapi ni nani?

Iko kwenye kisimi. Ile punje unayoiona juu, pale mashavu madogo yanapokutana, ni ncha tu. Mwaka 1998 daktari wa Australia anaitwa Helen O'Connell alichapisha uchunguzi akaonyesha kwamba chombo chenyewe ni kikubwa, kina miguu na matawi yanayoingia ndani na kuukumbatia uke pande zote mbili, na vitabu vingi vya udaktari vilikuwa vimekichora vibaya au vimekiruka kabisa. Ndani ya uke mishipa ya hisia ni michache ukilinganisha na hapo. Ndo mana kwenye utafiti mmoja wa Marekani ni kama asilimia 18 tu ya wanawake walisema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha, waliobaki wengi walihitaji kisimi kiguswe, au walisema kikiguswa raha inakuwa kubwa zaidi. Asilimia 18! Kwa hiyo miaka 25 umekuwa ukijiona mbovu kumbe umekuwa ukifanyiwa kitu ambacho wanawake wengi duniani hakiwafikishi.

Na habari njema ni kwamba hiki hakiondoki na hedhi. Kwa umri wako kinaweza kuhitaji muda mrefu zaidi na mguso wa kudumu zaidi, lakini kinafanya kazi. Wapo wanawake wanaofika mara ya kwanza wakiwa na miaka 50 na kitu, wanakuja kuniuliza kama ni kiharusi. Anza mwenyewe kwanza kujijua, wakati nyumba imetulia, kidole safi, jeli, bila haraka na bila kulazimisha kufika popote. Kama dini yako inakupa mashaka kujigusa peke yako basi mfanye mkiwa wawili, mkono wake chini ya mkono wako, we ndo unaongoza.

Hujaniambia kama ulikeketwa, na wapo wasomaji wengi hapa mjini waliotoka Manyara, Dodoma, Singida, Mara na Arusha ambao walikeketwa, kwa hiyo niseme na kwao. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 8 ya wanawake wa miaka 15 mpaka 49 walifanyiwa. Kilichokatwa ni cha nje, sehemu kubwa ya kisimi iko ndani na bado ipo. Kovu linaweza kuuma na hilo lichunguzwe, lakini usijiandikie kwamba raha imekwisha.

Tumgeukie shemeji. Ana miaka 57, ana sukari, anahangaika na anakunywa mkongo. Hii ni nusu ya tatizo lenu na naona we umejibebesha lote. Sukari ya muda mrefu inaharibu mishipa midogo ya damu na ya fahamu, na kwa mwanaume inaonekana mapema kwenye kusimama. Wakati mwingine ndo dalili ya kwanza kwamba hata mishipa ya moyo haiko sawa. Kwa hiyo anayohitaji sio pweza wala karanga na muhogo mbichi wa barabarani, ingawa pweza ni chakula kizuri tu, anahitaji sukari na presha vikae sawa na amwambie daktari wa kliniki yake wazi kwamba huku mambo hayaendi. Zipo dawa za hospitali zinazofanya kazi, lakini hizo hazichanganywi kamwe na dawa za moyo za jamii ya naitreti, presha inaweza kushuka ghafla mtu akafa. Ndo mana unga wa mkongo usiojua umewekwa nini ndani mimi unanitisha.

Halafu angalia mkongo unachofanya kwenu. Yeye anakunywa ili akae muda mrefu aonekane bado dume, we huku umekauka na umepaka shabu. Kila dakika anayoongeza ni dakika ya wewe kuchanika. Anajitahidi kwa ajili yako na we unavumilia kwa ajili yake, hakuna anayemwambia mwenzie, na wote mnaamka mmenuna.

Kwa hiyo lazima muongee, na wapi mnaongea ni muhimu kuliko unavyodhani. Sio kitandani, na sio dakika tano baada ya yeye kushindwa. Chagua siku ya Jumapili mmetoka kidogo, mko ufukweni Coco mnakula mihogo au mmepanda pantoni mnaenda kuangalia kiwanja Kigamboni, mnaangalia mbele sio usoni. Anza na mwili wako, usianze na wake. Mwambie: "Baba fulani, umri wangu umefika wa hedhi kukata, daktari ameniambia huko chini nimekauka ndo mana naumia, sio kwamba nimekuchoka na sina mtu. Naanza dawa, ila kwa sasa hivi naomba tusiingiliane mpaka nipone, tushikane tu." Hiyo sentensi ya mwisho ndo yenye kazi. Kwa wiki nne au sita toeni kuingiliana kabisa kwenye orodha, mkandane, mbusiane, mikono itembee, bila mtihani kwa yeyote. We mwili unajifunza upya kwamba kuguswa hakuishii kwenye kuchomwa, yeye anapumzika na presha ya kusimamisha. Wanaume wengi wa umri wake, hawasemi tu, wanafarijika.

Na kuhusu maneno ya "una mtu sokoni" na "nitatafuta mwingine", mara nyingi ni hofu ya mwanaume anayeona mwili wake unamgeuka, lakini hofu sio leseni. Ukishamweleza hivyo na bado anakulazimisha huku unalia, hapo hatuzungumzii homoni tena. Ongea na mtu unayemwamini, au nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, wapo kwa ajili hiyo. Na kama kuna shaka ya mwingine tayari, upande wowote, pimeni wote wawili na mtumie kondomu na jeli ya maji mpaka majibu yajulikane.

Mawili ya haraka nisije nikasahau. Siku kuruka sio kinga ya mimba, nimeshawapokea kliniki akina mama wa miaka 47 waliodhani hedhi imekata kumbe ni mtoto. Mwenye zaidi ya miaka 50 aendelee na uzazi wa mpango mpaka amalize mwaka mzima bila damu, aliye chini ya 50 kama wewe ni miaka miwili. Na damu: ukiona inatoka baada ya tendo, au inatoka nyingi mpaka unabadilisha pedi kila saa, au ikatokea tena hata tone moja baada ya kuwa imekata mwaka mzima, usisubiri mwezi uishe wala usiulize shoga, nenda hospitali wiki hiyo hiyo.